Kwato Kwenye Sarafu

Kagondo, Bukoba.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Kwa mdogo wangu mpendwa Mujuni,

Kasinge waitu. Nakuamkia hivyo kwa heshima yote, kwa kuwa wewe ndiye uliyekalia kiti cha baba, ingawa mgongo wangu bado unaukumbuka uzito wako ulipokuwa hutaki kutembea kwenda Rubafu kwa bibi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, pamoja na wifi yangu Elieth na watoto. Kifua chako kinaendeleaje na lile vumbi? Na ile asali niliyotuma, unainywa kama dawa au mmeshaimaliza kwenye mikate? Sisi huku hatujambo. Magoti yangu huniuma asubuhi, ikifika saa nne yanasahau. Shangazi Celina ni mzima, anakusalimu sana, anasema kwenye picha ya Pasaka umenenepa na hiyo siyo sifa. Kahawa imeiva vizuri. Nimeanika uani na kuku wameifanya uwanja wa mpira.

Utashangaa kupata barua na simu ninayo. Mdogo wangu, kila nikikupigia unaniweka kwenye spika, nasikia watu wa ofisini kwako wakikohoa. Halafu unanikatiza. Barua haina spika, na huwezi kuikatiza. Ila nakuomba kitu kimoja: isome kuanzia hapa kwenda chini. Usikimbilie ukurasa wa mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya hadithi, halafu unatuharibia sisi wengine.

Uliniuliza kama ile sarafu ilifika na watu wamesemaje. Ilifika. Waliyosema watu ni mengi, na nitayaeleza yote, lakini lazima nianzie nyuma kidogo, kwa Avit. Najua ukiliona jina hilo unakunja uso. Ukunje, lakini endelea kusoma.

Unakumbuka nilikueleza jinsi nilivyomfahamu. Nilikuwa kwenye ile kliniki ya macho ninakoshika zamu tangu nistaafu uuguzi, akaja mwanamume wa makamo kutoka Kagoma, Muleba, amemshika mkono mama yake mzee. Mama huyo ni Ma Ephrasia. Presha ya macho ilikuwa imeshamaliza kazi yake, tukabaki kumpa dawa za matone za kuzuia maumivu tu. Avit aliuliza maswali mengi kuliko daktari mwenyewe. Wiki iliyofuata alirudi kuuliza habari ya matone. Baadaye akaleta mkungu wa ndizi. Baadaye akaja bila sababu yoyote, akakaa kwenye benchi la wagonjwa na macho yake mazima. Ni fundi wa mashine za kukobolea kahawa, mjane kama mimi, Mkatoliki lakini hana ubishi. Mujuni, nilikuwa nimezoea kula peke yangu mpaka nikaacha kuweka meza. Nilianza kuweka meza tena.

Alipokuja nyumbani kujitambulisha kwa Shangazi Celina, kila kitu kilikwenda vizuri. Alitafuna akamwani, kahawa yetu ya kukaribishia wageni, akasifu migomba, akasema maneno ya kiutu uzima. Ndipo Shangazi alipomuuliza lile swali ambalo kwetu haliepukiki, omuziro wao, yaani mwiko wa ukoo, ni mnyama gani. Avit akajibu haraka, kama mtoto aliyekariri, kwamba ukoo wao hawali engabi. Shangazi akaweka kikombe chini. Engabi, yaani pongo kwa Kiswahili cha shule, ndiye mnyama wetu sisi, na watu wa mwiko mmoja ni ndugu, hawaoani hata kama mmoja ametoka Kagondo na mwingine Kagoma.

Nilikupigia jioni ileile nikitumaini kwamba wewe uliyesoma utaniambia hayo yamepitwa na wakati. Ulisema haiwezekani. Ulisema mtu haolewi na kaka yake, na kwamba watu wa Kagoma wakija, kiti cha baba watakikuta kitupu. Sikubishana nawe. Nilimwambia Avit asije tena, naye hakuja tena. Nikaacha kuweka meza. Sikukuambia nilivyoumia, lakini leo nakuambia: niliumia sana, na nilikukasirikia wewe kuliko nilivyoukasirikia huo mwiko.

Ndipo ukanitumia sarafu kwa basi, imefungwa kwenye pamba kama jino la dhahabu, pamoja na kadi yako. Kadi ilisema ni sarafu ya kumbukumbu, umeinunua kwa mwenzako wa kukusanya sarafu, na kwamba hutengenezwa huko nje kuadhimisha hifadhi za taifa za nchi mbalimbali, na hii ni ya hifadhi yetu ya Burigi. Chini yake ukaandika kwamba huyo mnyama ndiye sisi, nimtazame kila nitakaposahau. Ukamalizia na methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilisoma, nikatazama magoti yangu, nikasema huyu mtoto amechelewa.

Niliificha kabatini nyuma ya sufuria. Lakini unanijua dada yako. Ugonjwa wangu ni kutaka kujua. Baada ya siku mbili tatu nikaitoa, nikaikagua dirishani. Kwanza nilitaka kujua kama ni pesa. Nikampelekea Muhidini wa duka la kona, akaigonga kwenye kaunta, akasikiliza, akaing'ata, akanirudishia akisema hata kiberiti hainunui. Shangazi Celina alidhani ni medali ya kwaya. Basi nikabaki kutazama mchoro. Kuna ziwa, kuna kilima kilichochongoka chenye bega moja lililoporomoka, kuna mafunjo, na katikati ya mafunjo amesimama huyo mnyama wetu, maji yamemfika tumboni.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Engabi anatafuta nini majini? Engabi niliyemwona nikiwa mdogo kule Rubafu alikuwa wa vichakani, anatokea pembeni ya kibanja cha migomba alfajiri, akisikia mlango anaruka. Sikuwahi kumwona akiogelea. Nikasema labda wachoraji wa nje huchora wanachopenda, wamemtia majini ili apendeze. Halafu hicho kilima nacho, kipo kweli au nacho wamekipamba? Nilitaka mtu anayeijua Burigi anijibu. Sasa, Mujuni, mimi upande wa Muleba namfahamu nani? Usicheke.

Nilimpigia Avit nikamwambia wazi kwamba ni kwa ajili ya sarafu tu. Akaja siku hiyohiyo. Kabla hajaingia alikaa mlangoni akapangusa viatu muda mrefu mno kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya sarafu tu. Nilipompa aliishika kwa ukingo na kumfunika mnyama kwa kidole gumba, kwa kuwa, alisema, siyo vizuri kumkodolea macho mnyama wa ukoo. Nikamwambia huyo hata mimi ni wangu. Halafu akasema kilima anakijua, amekiona mara nyingi alipokwenda kutengeneza mashine za upande huo, ila mchongaji amekosea, bega lililoporomoka liko kushoto na siyo kulia. Nikamwambia mtu aliyechonga nywele za mnyama moja moja hawezi kukosea kilima kizima. Akasema amekosea. Nikasema hajakosea. Tuliendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na nikagundua kwamba nilikuwa sijabishana na mtu kwa furaha kiasi kile tangu marehemu mume wangu alipoondoka. Tukakubaliana kwenda kutazama.

Alhamisi nilipanda gari la Muleba, nikateremka Kagoma. Jirani yake Avit ana pikapu, alikuwa anapeleka makreti ya samaki ziwani, akatuchukua. Tulikwenda na vumbi letu mpaka ufukweni, nje ya mpaka wa hifadhi, mahali wanapouzia samaki. Kilima tukakiona. Bega liko kushoto. Avit alikunja mikono tu na kutabasamu, na mimi nikatamani kumsukuma majini. Lakini palikuwa na mama mmoja anapaa samaki, nikamwonyesha sarafu. Akafuta mkono, akaitazama, akatuuliza kama hatujui kwamba kilima kina mbele na nyuma. Ukivuka ziwa ukakitazama kutoka ng'ambo, ndani ya hifadhi, bega linakuwa kulia. Kwa hiyo aliyechora alisimama ng'ambo. Wote wawili tulikuwa sahihi na wote wawili tulikuwa wabishi. Tulicheka mpaka yule mama akacheka naye bila kujua sababu.

Kuna neno lililosemwa pale ufukweni baada ya kicheko hicho. Nitalifikia.

Tuliporudi Kagoma Avit aliniomba nipite kumsalimia mama yake. Niliona ni adabu. Ma Ephrasia alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenyoosha miguu, anachambua maharage kwa vidole. Mujuni, ungemwona! Maharage mabovu anayajua kwa kuyagusa, anayatupa pembeni wala hakosei. Alinitambua kwa sauti, akauliza yule nesi wa matone mbona alipotea. Avit akamdanganya kwamba nilikuwa na kazi nyingi. Bibi akasema kazi nyingi huwa na jina, akaendelea kuchambua.

Akauliza tulikotoka. Tukamweleza habari ya kilima na sarafu. Akanyoosha mkono, akasema na yeye anataka kuiona. Nilidhani amesahau hali yake, lakini Avit akaniashiria nimpe. Aliipima uzito kwanza. Kisha akaanza kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mchoro polepole, kwa namna ileile ya maharage. Akasema hiki ni kilima. Haya ni mafunjo. Tukamwambia ndivyo. Akafika kwa mnyama. Akagusa pembe, akagusa mgongo, akashuka kwenye miguu. Mguu mmoja wa mbele mchongaji ameuinua juu ya maji, kama anapiga hatua, na kwato inaonekana wazi. Ukucha wa bibi ukaenda mpaka ncha ya kwato hiyo, ukarudi, ukaenda tena. Halafu akaiachia sarafu ikaanguka kwenye maharage, akajifuta mkono kwenye kanga.

Akamuuliza Avit kwa Kihaya kwa nini anamwekea mama yake enjobe mkononi bila kumwonya.

Avit akasema hapana mama, huyo ni engabi. Bibi akamwambia kwamba yeye macho yake yamekufa lakini vidole havijafa. Engabi ana kwato fupi za kukimbilia nchi kavu. Huyu kwato zake ni ndefu, zimepanuka, ni za kukanyaga matope bila kuzama. Huyu ni mnyama wa kwenye mafunjo, akiwindwa anazama majini anaacha pua tu. Huyu ndiye omuziro wa nyumba hii. Alisema siku aliyoletwa hapo akiwa bi harusi, mama mkwe wake alimshika masikio yote mawili akamwambia enjobe asiingie jikoni mwake hata mfupa, na yeye hajamwingiza mpaka leo.

Avit alibaki amesimama. Akauliza kwa sauti ndogo, na engabi je? Bibi akacheka mpaka meno machache aliyobakiza yakaonekana yote. Akamwambia engabi amempika kwenye nyumba hiyo mara nyingi enzi za baba yake, na kwamba yeye Avit mwenyewe ndiye aliyekuwa analilia mifupa. Mtu mzima wa Kagoma aliziba mdomo kwa kiganja kama aliyekamatwa na nyama yenyewe.

Sikuridhika, unanijua. Nilitaka kujua imekuwaje mtu asijue mnyama wake. Tukaenda kwa Ta Ildefons, mkubwa wa ukoo wao, anakaa migomba michache kutoka hapo. Naye akasema bila kusita kwamba wao ni wa enjobe, nzohe kwa Kiswahili, na akataka kujua nani alimwambia Avit vingine. Hakuna aliyemwambia. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo. Wazee hawakuwa na tabia ya kulitaja jina la huyo mnyama ovyo mbele ya watoto, walisema mnyama wetu, basi. Na mabonde ya Kagoma yalikuwa yameshalimwa, nzohe wameondoka, hakuna mtoto wa rika la Avit aliyewahi kumwona. Mnyama mwenye pembe waliyemjua ni engabi, basi watoto wakajazia wenyewe, wakakua nalo. Ta Ildefons alisema hata wanawe itabidi awaite awaulize, maana ameanza kuogopa. Aliomba kuishika sarafu, akaitazama kwa muda mrefu, akasema mara ya mwisho kumwona huyu yeye alikuwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi.

Na wewe, mdogo wangu, mkusanya sarafu, msomi wa ukoo! Umenunua nzohe ukamtuma kwa basi uniogopeshe nisiolewe na ndugu yangu. Nilipomsomea Shangazi Celina kadi yako tena, alicheka akashika mbavu. Halafu akasema kama tungekuwa tunakwenda kuwatazama hawa wanyama badala ya kuwataja tu, tusingekoseana hivi. Sasa yeye hana pingamizi. Amebaki mtu mmoja tu.

Nimefika kwenye neno la ufukweni. Ningeweza kuliacha, barua ikaishia hapo juu, nawe ukafurahi kwamba mila imeshinda na dada yako ni mtiifu. Lakini sitaki ukubali jambo usilolijua. Pale ziwani, tulipomaliza kucheka, Avit aliniambia kwamba hatanisumbua tena. Alisema alikuja kwa ajili ya kilima, na kilima tumekiona. Nilitazama yale mafunjo nikafikiria meza yangu yenye sahani moja. Nikamwambia sitaki iishe. Nikamwambia nitaolewa naye, hata kama mnyama wetu ni mmoja. Aliniuliza, na Mujuni? Nikasema Mujuni nitamwandikia. Hayo yote, mdogo wangu, yalikuwa kabla Ma Ephrasia hajagusa sarafu. Sikusubiri kwato. Niliogopa sana, kwenye pikapu njia nzima nilidhani nimemkosea baba, lakini nilikuwa nimeshasema ndiyo na nisingeirudisha.

Kwa hiyo sikuombi ruhusa ya kumpenda, hiyo nimechelewa kuiomba. Ninachokuomba ni uje. Sarafu nimeifunga kwenye gome kavu la mgomba, imo ndani ya bahasha hii. Kabla ya kumwita Elieth, funga macho, pitisha ukucha kwenye ule mguu ulioinuliwa, taratibu, mpaka kwenye ncha. Usikie mwenyewe. Watu wa Kagoma wanataka kuja mwezi wa nane. Kiti cha baba nimekipangusa na kukipaka mafuta. Ukiileta hiyo sarafu kwa mkono wako nitajua umekubali, na nitakupikia ndizi kwa maharage mpaka ushindwe kusimama. Ukiituma kwa basi nitaipokea, nitaelewa, na nitaolewa nikilia. Lakini nitaolewa.

Wasalimie watoto wote, mmoja mmoja, na umwambie Elieth vile vitenge nilivyomwahidi viko tayari. Shangazi Celina anasema upunguze chumvi. Ma Ephrasia naye, ambaye hamjaonana, anakusalimu na ana ombi. Anasema kama kwenye makusanyo yako kuna sarafu yenye engabi, uje nayo, anataka kuzishika zote mbili kwa pamoja ajue mkwe wake ni nani.

Ni mimi dada yako niliyekubeba njia yote ya Rubafu,

Penina